Dalali aliyeyaita matrekta ya mzee "makopo": uzoefu wangu

Naanza na salamu, kwa sababu yeye hakuanza nayo.

Mama alikuwa chini ya mwembe anachambua karanga. Ana miaka sabini na kitu, hicho kitu hatukijui na hataki kiulizwe. Gari likaingia mpaka uwanjani, likasimama karibu kabisa na ungo, vumbi lote likatua kwenye karanga. Akashuka bwana mmoja wa makamo, rika langu, mkono mmoja mfukoni. "Habari za hapa. Matrekta yako wapi?" Basi. Shikamoo hakuna. Mama akaitikia, "Nzuri, mwanangu, karibu," akapuliza vumbi, akaendelea na kazi yake. Nikajua palepale kwamba biashara imekufa, ingawa, kama mtakavyoona, haikufa.

Huyu ni dalali wa mitambo ya shamba. Jina lake silitaji, wala la ofisi yake. Anajitangaza kwamba anathamini bure, analipa taslimu, anafika popote Tabora na Kigoma. Kufika, kweli alifika. Nampa nyota moja ya mafuta aliyochoma.

Mzee wetu alituachia matrekta matano hapa Urambo: Massey Ferguson 135 mbili, 165 moja, Ford 5000 moja, na Valmet, zile za Finland zilizokuwa zikiunganishwa Kibaha miaka ya 1980. Alikuwa mkulima wa tumbaku, lakini tumbaku ilikuwa kisingizio tu. Alichopenda ni trekta. Mwaka wa soko zuri wenzake waliongeza bati au mke, yeye akaongeza trekta. Mwaka wa soko baya alichukua trekta bovu la mtu kufidia deni. Baada ya arobaini yake tulikaa kikao, tukakubaliana yauzwe, maana yanaota nyasi na kuku wanatagia chini ya viti. Kukubaliana kuuza kulichukua nusu saa. Kukubaliana tunauzaje kumetula misimu miwili na bado.

Kaka mkubwa, ndiye msimamizi wa mirathi, alitaka yaondoke yote kwa mpigo, agawe hela, apeleke hesabu mahakamani, alale. Dada wa Nzega akaleta mtu wa Igunga anayetaka kubadilisha Ford kwa ng'ombe, nusu ya ukoo wakaanza kugawana ng'ombe ambao hata kwato zao hawajaziona. Shemeji yetu, ambaye ni fundi, akasema yachinjwe: pampu kivyake, gia kivyake, ringi kivyake, kila mtu na spea yake. Mimi ndiye niliyesema tuite dalali. Hapo someni haraka mpite.

Sasa nirudi kwa bwana mkubwa. Alizunguka matrekta yote matano kwa muda ambao mtu huchukua kuvuta sigara moja. Kila akifika kwenye tairi analipiga teke. Hakufungua boneti hata moja. Hakuuliza lipi linawaka. Halafu akatoa simu, akampigia mwenzake kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia: "Niko huku porini, kuna makopo matano."

Makopo. Na Mama yuko pale.

Tena porini! Urambo ni makao makuu ya wilaya, treni ya Kigoma inasimama hapa. Kama ni matrekta, sisi tumeyaona kabla baba yake hajajua gurudumu ni nini. Ule mpango wa karanga wa Waingereza, miaka ya mwisho ya 1940, mashamba yake yalikuwa Kongwa, Nachingwea na hapahapa Urambo. Kwa mpango ule walitengenezewa hadi Shervick, yaani vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mashamba yakawashinda, ilipofika 1951 serikali yao ikautupa mpango wenyewe. Mzee alipenda sana kuisimulia hiyo habari, akimalizia kwamba kifaru kimeshindwa Urambo lakini 135 yake haijashindwa. Naomba radhi, nimetoka nje ya mada. Hasira.

Akaanza hesabu kwa kikokotoo cha simu. "Hii 135 tuseme tani moja na nusu. Kilo mia sita. Laki tisa. Hiyo nyingine laki tisa. Na hapo nakusaidia tu, mama." Yaani shilingi mia sita kwa kilo, bei ya vyuma chakavu. Nikamuuliza, huoni vema tuyawashe kwanza? Akajibu, "Yawake yaende wapi?"

Shemeji hakusema neno. Alikwenda kwenye 135 ile ya kwanza, iliyokaa bila kuwashwa tangu msibani, akafunga betri ya gari lake. Akalegeza nati kwenye pampu ya dizeli, akawa anapampu kwa kidole kile kimkono kidogo cha pampu ya chini. Ikatoka povu. Akaendelea. Povu likawa matone yenye mapovu, mwisho dizeli ikatoka safi kama mkojo wa mtoto. Akakaza nati, akahamia kwenye nati za mabomba ya nozeli, zote tatu, maana injini yake ya Perkins ni ya pistoni tatu. Akapanda. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikatoa moshi mweupe, kuku wakatawanyika. Mara ya tatu ikashika, na ule mlio wake wa pistoni tatu, unaokwenda kama mtu anayechechemea lakini hachoki, ukajaa uwanja mzima. Mama akasimama. Karanga zikamwagika, hakuziangalia.

Dalali akasema: "Sawa, ongeza laki moja."

Hapo ndipo nilipotaka kuandika maneno haya, na nilikuwa nimepanga yawe mafupi: msimwite huyu mtu. Maana kama hajui basi ni mjinga, na kama anajua basi ni mwizi. 135 inayowaka si chuma. Spea zake ziko mjini mpaka leo, kwa sababu Pakistan na India waliendelea kutengeneza ndugu zake, kama zile Massey Ferguson 240, na vitu vingi vinaingiliana. Trekta lenye spea lina maisha, na lenye maisha huliuzi kwa mizani. Tena alikuja mwezi wa tatu hivi, kilimo kimeshapita. Trekta mwezi wa tatu ni kama mwavuli wa kiangazi. Mwenye akili huliuza mwezi wa tisa au wa kumi, watu wameshalipwa tumbaku na mvua inanukia.

Lakini lazima niseme na hili, ingawa linaniuma.

Alipofika kwenye 165 aliinama. Mara ya kwanza siku hiyo namwona anainama. Akapitisha kidole ubavuni mwa injini, polepole, akakinusa. Akachukua ufunguo wa gari akakwangua rangi kidogo. Chini yake ukaonekana mstari wa kutu, mrefu kama kiganja, na gundi ya chuma imejazwa. Bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, imepasuka. Akauliza, "Rangi hii kapaka nani?"

Kimya. Kuku tu.

Nilipaka mimi. Wiki moja kabla, nyekundu ileile, kopo zima. Sikumwambia hata shemeji. Kwa hiyo ndugu msomaji, mtu niliyemwita mwizi alinikamata mimi nikiiba, mbele ya mama yangu. Yule bwana hakupiga kelele. Alifuta kidole kwenye suruali akasema, "Hii ni kilo," na safari hii alikuwa sahihi. Kwa jicho lile, nyota tatu. Nimeandika tatu, nikafuta, nikaandika mbili.

Tukafika kwenye karatasi. Kati ya matano, kadi za umiliki tulizonazo ni tatu. Kaka akaanza kueleza kwamba tunafuatilia TRA, mamlaka ya mapato, na kwamba mali ni ya mirathi, anayesaini ni yeye tu kwa barua ya mahakama. Dalali akamkata: "Hayo tutayapitisha hivyohivyo." Tafadhalini sana, mkisikia neno hivyohivyo kwenye mali ya marehemu, simameni. Mnunuzi akija kukwama na kadi yenye jina la mtu aliye kaburini, atarudi kwenu, hatarudi kwa dalali.

Mama alikuwa ameshaandaa chai na mihogo. Akamkaribisha. Jamaa akaangalia saa, akasema ana haraka, akapanda gari. Hata maji hakunywa! Nyumbani kwa mjane, Unyamwezini. Kupitia dirisha akatuachia zawadi: "Mkichoka kuyaangalia mtanipigia. Wote hupiga."

Na tulipiga.

Sipendi kuandika sentensi hiyo. Ilikuwa baadaye sana, ada za watoto zinadaiwa, Valmet imeshaanza kuzama upande mmoja. Spea zake shemeji alizitafuta Tabora mjini hadi akakata tamaa. Tukasema basi, Valmet na ile 165 aliyoifichua ziende kwa kilo. Tulikuwa na kadi zake, kaka akasaini. Jamaa akaja na fuso, mizani yake, na kijana wa gesi ya kukatia.

Dada wa Nzega hamwamini mtu mwenye mizani yake. Alikuja na mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, akaubwaga juu ya mizani kabla ya kitu kingine chochote. Ikasoma hamsini. Akautoa, akaurudisha. Hamsini. Dalali alisimama pembeni anamwangalia bila kununa. Mizani ilikuwa ya haki, na hela zetu alizihesabu mezani zote kabla kijana hajawasha gesi. Wangapi wanafanya hivyo? Mnunuzi wa mahindi yetu mpaka leo anatuambia kesho. Kwa hiyo nikasema moyoni, huyu mtu hana adabu, lakini ana haki, na kati ya hivyo viwili kwenye biashara bora haki. Nyota nne! Nilikuwa nimefika nne kabisa.

Valmet ilikatwa chini ya mwembe. Sauti ile sitaki kuieleza. Kijana alipofika kwenye usukani, Mama akaja akamwambia, "Huo niachie, mwanangu. Baba yenu aliushika sana." Kijana akaukata vizuri, akaupoza kwa maji, akampa kwa mikono miwili. Kijana yule simjui jina, lakini adabu yake ningependa mwajiri wake aiazime.

Maana mwajiri alinyoosha mkono, akauchukua usukani kutoka kwa Mama, akauweka kwenye mizani. Kilo mbili na nusu. Akafungua kikokotoo. Akasema kwa kuwa hela ameshalipa kamili, tumrudishie elfu moja na mia tano.

Kaka akamrudishia. Mimi nilikuwa nimeshakwenda nyuma ya nyumba.

Sifuri. Tena ningekuwa na namna ya kumwachia deni la nyota, ningemwachia.

Mengine yaliyobaki: 135 ya pili tulimuuzia kijana wa Kaliua, nusu mkononi na nusu baada ya malipo ya tumbaku, akamaliza kwa wakati, kwa bei ambayo kwa kilo ungepata 135 kumi na bado chenji inabaki. Kadi tuliingoja tukaipata kwanza. Ile 135 ya kwanza Mama ameikataza isiuzwe, inalimia watu kwa eka na shemeji ndiye dereva. Imebaki Ford. Mtu wa ng'ombe wa Igunga hajarudi tena.

Wiki iliyopita simu ikaita. Ni yeye. Anasema ana mteja wa Ford 5000, mteja wa kulitembeza, si wa kilo, na bei aliyotaja, lazima niwe mkweli, ni nzuri. Nilikuwa nimeweka sauti kubwa, Mama yuko jikoni. Nikamuuliza nimjibu nini.

"Mwambie aje Jumamosi," akasema. "Atoe shikamoo, anywe chai, na aje na elfu moja na mia tano yangu."