Saiba ya makaratasi ya tenda za shule, Malindi: kazi nzuri, ila chunga mfuko wako

Ukiuza nafaka hapa Malindi na unataka kuuzia shule za serikali, bei yako haikuangushi. Makaratasi ndiyo yanakuangusha. Nilipeleka yangu kwa saiba moja, duka la kompyuta na kuchapisha, upande wa soko la zamani, ambako wengi wetu hukimbilia shule zikitangaza kusajili wasambazaji. Jina silitaji, maana nina lalamiko.

Kwanza haki yake. Kijana wa kaunta hachapishi kitu mpaka umwage mkoba mzima mezani: kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha usajili wa biashara, kibali cha kaunti, na kile cheti cha KRA cha kuonyesha hudaiwi kodi. Hicho cha mwisho akitazama tarehe kabla ya yote, kwa kuwa kinadumu mwaka mmoja tu. Halafu anapanga kurasa kwa mfuatano uleule wa tangazo la shule na kuzitia namba kwa kalamu, moja baada ya nyingine, hata ile karatasi tupu ya kutenganisha. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo haina kitu, iruke." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mama, wakitaka kukutoa wataanza na hiyo." Na ni kweli, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka kurasa za zabuni ziwe na namba mfululizo. Bahasha akaandika namba ya tenda na aina ya bidhaa, basi. Akanisisitizia niwepo wakati wa kufungua, kwani bahasha zinafunguliwa mara tu muda ukiisha, na mwombaji anaruhusiwa kukaa akasikiliza.

Sasa lililonikera. Ukutani wamebandika "AGPO 1,500". Huu ndio mpango wa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na cheti chake ni bure, unaomba mtandaoni. Mtu kulipwa kwa muda wake na bando lake, sikatai. Lakini dada mmoja wa mboga aliyekuwa mbele yangu aliambiwa hiyo ni pesa ya serikali. Huo si ungwana hata kidogo. Kama una mtoto wa shule nyumbani mwenye simu, akufanyie yeye.

eTIMS, ule mfumo wa KRA wa kutoa ankara kwa mtandao, pia hawaigusi, na shule niliyopelekea mzigo ilikataa ankara ya kuandikwa kwa mkono. Ulizia hilo mapema, kwengine.

Na jambo ambalo hakuna saiba itakwambia: ukipata LPO, yaani oda rasmi ya shule, unapeleka magunia kwanza, pesa baadaye. Shule ya sekondari ya kutwa ilipangiwa na serikali mgao wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na huo huingia kwa mafungu, tena mara nyingi kwa kuchelewa. Mhasibu naye hana pa kuzitoa mpaka ziingie. Ndiyo maana mimi niliomba maharagwe na pojo peke yake. Mchele nimewaachia wenye mtaji wa kukaa muhula mzima bila kulipwa.

Faili zima, kubaindi ndani yake, lilinitoka 1,200. Kwa kazi ile, nyota nne. Nenda asubuhi, kwa sababu ikifika adhuhuri feni ni moja na foleni imefika mlangoni.