Njia za Msitu wa Karura: Je, Zinawatosha Wenye Baiskeli, Wenye Mbwa na Waenda kwa Miguu?

Kati ya maeneo yote ya mapumziko jijini Nairobi, sijui lingine linalokusanya watu wa namna tofauti katika njia moja kama Msitu wa Karura. Jumamosi asubuhi utawakuta humo wakimbiaji wanaojiandaa kwa mbio ndefu, wazazi wanaosukuma vigari vya watoto, wazee wanaotembea kwa ushauri wa daktari, vijana waliokodi baiskeli bila kupanda nyingine tangu walipokuwa shule ya msingi, waendesha baiskeli wazoefu waliovaa helmeti na glavu, na mbwa wa kila umbo wakivuta kamba kuelekea kila mahali isipokuwa mbele. Uzuri wa msitu wenyewe umeshasifiwa vya kutosha. Ninachotaka kupima hapa ni kama njia zake zinawatosha wote hao bila mmoja kumharibia mwenzake siku, na ninapima nikiwa mtu anayeingia humo siku nyingine juu ya baiskeli na siku nyingine kwa miguu, mbwa akiwa kando.

Jibu langu ni kwamba zinawatosha, na sifa hiyo ninaupa zaidi mpangilio wa njia kuliko adabu ya sisi tunaozitumia.

Karura ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1932. Una zaidi ya hekta 1,000, na barabara za Limuru na Kiambu zimeugawa vipande vitatu. Unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya kwa ushirikiano na chama cha kijamii cha Marafiki wa Msitu wa Karura, chini ya utaratibu uliowezeshwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, ambayo iliwapa wananchi wanaoishi karibu na misitu nafasi ya kushiriki katika kuitunza. Ikumbukwe pia kwamba ardhi hii ilinusurika kugawiwa watu binafsi. Mnamo Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa langoni walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi huo, naye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Ninaitaja historia hiyo kwa kuwa inahusu moja kwa moja ugomvi mdogo mdogo wa njiani: msitu uliotetewa kwa jina la umma hauwezi kuwa mali ya wenye baiskeli za bei ghali, wala ya wenye mbwa, wala ya wale wanaoamini kwamba miguu peke yake ndiyo njia halali ya kuingia porini.

Njia za Karura zinazidi kilomita 50 kwa jumla, nazo hazifanani. Zipo barabara pana za udongo na moram ambamo gari la doria hupita bila shida, na zipo njia nyembamba zinazofuata mito na kupenya kwenye mianzi, ambamo watu wawili wakikutana mmoja hana budi kugeuka ubavu. Baiskeli zimetengewa njia zake, nyingi zikiwa kwenye barabara hizo pana. Maporomoko ya maji na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau wanasemekana kujificha yapo mahali ambapo baiskeli haina kazi, kwa sababu mteremko wa kwenda kwenye maporomoko una ngazi. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi wa busara kuliko huo. Mahali panapotembelewa na watoto na wageni wengi zaidi pameachiwa miguu, na jambo hilo halitegemei hisani ya mtu yeyote, kwani hata asiyesoma mabango hawezi kushuka ngazi akiwa juu ya pedali.

Jambo la pili linalostahili sifa ni vigingi vyenye nambari vilivyosimikwa kwenye njia panda. Mgeni huviona kama msaada wa kutopotea tu, kumbe vina manufaa zaidi ya hayo. Anayejua kwamba kwenye kigingi fulani atakunja kushoto hahitaji kusimama ghafla katikati ya njia akigeuza ramani juu chini huku baiskeli zikimjia nyuma. Mtu akiteguka kifundo cha mguu, nambari hiyo humwelekeza mlinzi wa msitu mahali hasa pa kumfuata. Aidha, marafiki wanaotaka kuendesha kwa kasi tofauti wanaweza kuagana na kukubaliana wakutane kwenye nambari fulani, badala ya mwenye pupa kuwasukuma wa polepole kutoka nyuma.

Palipo na udhaifu ni kwenye miteremko inayoelekea mitoni. Hapo ndipo ninapoamini kwamba mjadala wetu kuhusu nani ana haki zaidi umekosea shabaha, kwa kuwa chanzo cha hatari ni tofauti ya mwendo. Mtu anayetembea kawaida huenda kilomita tano hivi kwa saa. Baiskeli inayoteremka ikifika kilomita 30 kwa saa inakula zaidi ya mita nane kila sekunde. Kwenye kona ambapo vichaka vimeruhusu macho kuona mita 15 tu mbele, mwendeshaji ana chini ya sekunde mbili za kumwona mtu, kuamua, kushika breki na kungoja tairi ling'ate udongo uliolegea. Hata mwenye breki bora za diski hana miujiza hapo. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata, na ambayo ningependa iwekwe kwenye kila lango, ni kwamba mwendeshaji aende kwa kasi inayomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Asiyekubali kanuni hiyo hajaja Karura kuendesha baiskeli; amekuja kushindana, na uwanja wa mashindano uko kwingine.

Kengele nayo ina maarifa yake. Ikipigwa mita tatu nyuma ya mtu haimsaidii, bali humshtua, na aliyeshtuka huruka upande asioutarajia hata yeye mwenyewe. Ikipigwa mapema, mara moja au mbili, kisha ikafuatwa na sauti ya binadamu inayosema, "Habari za asubuhi, napita kulia," watu husogea bila kinyongo. Kwa kuwa barabarani tumezoea kukaa kushoto, hata msituni kila mtu hujua aelekee wapi pasipo kuelezwa. Nimeona salamu ikifanya kazi kuliko kengele ya bei yoyote, pengine kwa sababu mtu aliyesalimiwa hajioni kama kizuizi.

Sasa nije kwa mbwa, ambao wanahitaji maelezo marefu zaidi. Sheria ya Karura ni kwamba mbwa awe kwenye kamba wakati wote, nami naiunga mkono bila masharti, ingawa najua wapo wenzangu wanaoiona kali. Wengi wetu Nairobi tulikua tukimjua mbwa kama mlinzi anayefunguliwa usiku, na maandishi ya "Mbwa Kali" kwenye mageti yalikuwa mafunzo yetu ya kwanza kuhusu mnyama huyo. Mtu aliyelelewa hivyo hapati nafuu yoyote anapoambiwa, "Ni mpole, hang'ati," huku mnyama wa kilo 35 akimrukia kifuani. Wapo pia Waislamu wanaopita humo wakiwa na nguo ambazo wangependa kusalia nazo, na ambao mate ya mbwa huwalazimu kujitwaharisha upya kabla ya swala. Hawa hawachukii wanyama, na hawadaiwi kutoa sababu. Ni wajibu wa mwenye mbwa kuikunja kamba, amvute mnyama upande wa nje wa njia na kumpisha mwenzake.

Hata hivyo, kuwa na kamba hakutoshi, kwani aina ya kamba ni muhimu vilevile. Ile inayojivuta yenyewe kutoka kwenye kishikio cha plastiki, ambayo hufika mita tano au zaidi, ndiyo mbaya kuliko zote kwenye njia ya pamoja. Uzi wake ni mwembamba, hauonekani kivulini, na mbwa akiwa upande mmoja na bwana wake upande wa pili, njia nzima imefungwa kwa mtego ambao mwendesha baiskeli atautambua akiwa tayari hewani. Kamba ya kawaida isiyozidi mita mbili inatosha. Nyongeza yangu kwa wenye mbwa ni kwamba silika ya kukimbiza kitu kinachopita kwa kasi haifutwi kwa kukemea. Mfundishe mnyama kuketi kando kila baiskeli inapokaribia, ukianza na barabara pana kabla ya kumpeleka kwenye njia nyembamba.

Ipo sababu nyingine ya kamba inayosahaulika katika mabishano ya binadamu kwa binadamu. Karura ni makao ya mbega walioletwa kutoka msitu wa Kipipiri, kima, pongo, funo, suni na nguruwe mwitu. Suni ni paa mdogo mno, na mbwa asiyefungwa anaweza kumkimbiza hadi kwenye ua wa umeme unaouzunguka msitu. Magonjwa kama kichaa cha mbwa huvuka kwa urahisi kati ya mbwa na wanyama wa porini, kwa hiyo anayempeleka mbwa asiyechanjwa msituni anahatarisha viumbe wengi kwa pamoja.

Kuhusu kinyesi nitasema machache. Kiokotwe. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika misitu na maeneo mengine ya hifadhi. Sheria hizo si kisingizio cha kuacha uchafu njiani. Gazeti la jana na mfuko wa karatasi nzito vinafanya kazi hiyo barabara, na chupa ya chuma iliyofungwa kwenye fremu ya baiskeli inamaliza suala la maji.

Waenda kwa miguu wenzangu wasidhani wamesamehewa. Kundi la watu sita wanaotembea bega kwa bega, likichukua upana wote wa njia, humlazimisha mkimbiaji kupita kwenye nyasi na mwendesha baiskeli kusimama kabisa. Anayeziba masikio yote mawili kwa muziki naye amejinyima salamu, kengele na onyo la mbwa anayebweka. Achilie sikio moja, hasa kwenye njia zilizotengewa baiskeli, ambako mwenye miguu anaruhusiwa lakini si mwenyeji pekee.

Msimu nao hubadilisha kila kitu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tena mvua za vuli zinapoanza, udongo mwekundu wa Karura huteleza kama sabuni na kung'ang'ania matairi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Mwendeshaji anayefunga breki ya nyuma kwenye mteremko wenye tope huchimba mfereji. Mvua inayofuata hupita papo hapo na kuupanua, na mwezi ukiisha njia imekuwa korongo. Waenda kwa miguu nao huharibu kwa namna yao, wanapokwepa dimbwi na kukanyaga ukingo hadi njia ya mita moja inakuwa ya mita tatu. Baada ya mvua kubwa mimi huiacha baiskeli nyumbani na kwenda na viatu vya kupigia tope, na ningewashauri wengine wafanye vivyo hivyo.

Wanaolalamika kwamba Karura ina masharti mengi wangefaa kujua jinsi mambo yalivyo kwingine. Katika jimbo la Baden-Württemberg nchini Ujerumani, sheria ya misitu inakataza baiskeli kwenye njia zenye upana usiofika mita mbili, marufuku ambayo waendesha baiskeli wa huko wameipinga kwa miaka mingi. Uingereza ilichagua mkondo mwingine: tangu mwaka 1968 baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia za wapanda farasi, ila mwendeshaji anatakiwa na sheria kuwapisha wenye miguu na wenye farasi. Karura umekaa katikati ya mikondo hiyo miwili, ukitenganisha panapowezekana na kudai subira panapobaki. Mimi ningeongeza jambo moja tu: mwisho wa juma, miteremko mikali ya njia za baiskeli iwe ya upande mmoja, ili baiskeli zipande humo na zisiteremke. Hilo halihitaji fedha nyingi zaidi ya mabango machache, na litaondoa ile hesabu ya sekunde mbili.

Ninaupa msitu huu nyota nne kati ya tano kama mahali pa kushirikiana njia. Nyota ya tano imezuiwa na miteremko hiyo. Kwa familia yenye watoto wanaojifunza baiskeli, barabara pana ni bora kuliko mtaa wowote wa Nairobi niujuao. Kwa mwenye mbwa mtulivu, asubuhi ya siku ya kazi haina kifani. Kwa mwenye mbwa mchanga anayerukaruka, Jumamosi saa tatu asubuhi ni wakati wa kuepuka mpaka azoee. Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na saa ya kwanza ndiyo ya waendesha baiskeli wanaotaka kunyoosha miguu, kabla vigari vya watoto havijafika. Anayetafuta kasi yenyewe, ya kuinama juu ya usukani na kusahau breki, aelekee kwenye barabara za mashamba ya chai upande wa Tigoni na Limuru, ambako macho huona mbali na kona zina nafasi. Na wale wanaotoka pande za Kiambu wasijisumbue kuzunguka hadi lango la Limuru Road. Waingilie Kiambu Road, waanze na njia za upande huo, kisha wavuke kuelekea mtoni jua likiwa bado chini.