Opareshini mbili hospitali moja, ya dharura na ya kupangiwa

Nimezalia hapo mara mbili, zote kwa kupasuliwa, jina silitaji ila ni hapa hapa Unguja.

Ya kwanza uchungu umenishika tangu alfajiri, njia ikafunguka sentimita saba ikasita hapo hapo, saa nne usiku mapigo ya mtoto yakaanza kushuka. Nkapewa karatasi nitie saini mkono unatetemeka mpaka herufi hazisomeki. Mtoto kanusurika alhamdulillahi na yule daktari namuombea dua mpaka leo. Lakini damu ilinitoka nyingi, kaka zangu wakaitwa usiku ule ule kuja kutoa, na siku ya sita mshono ukaanza kutoa usaha. Na hakuna hata mmoja alokaa na mie akanambia kwa nini nimepasuliwa, nimerudi nyumbani najiona mie ndo mwenye kasoro. Hapo nawapa nyota mbili.

Ya pili mambo mengine kabisa. Kliniki daktari akanifahamisha mapema kuwa kovu linaweza kupasuka kwenye uchungu, akanipangia wiki ya 39 kwa sababu kabla ya hapo mapafu ya mtoto huenda hayajakomaa sawasawa. Damu ishatafutwa, antibayotiki nimechomwa kabla ya kisu, ganzi ya mgongo, nko macho namsikia mwanangu analia. Siku ya pili natembea mwenyewe nashikilia ukuta. Ila msidhani ya kupangiwa haina lake, mtoto alikuwa anapumua mbio mbio akawekwa oksijeni mpaka asubuhi, nesi akasema watoto wasopitia uchungu mara nyengine hubaki na maji kwenye mapafu. Na anopasuliwa kwa dharura huwa keshaingia na shida yake, kwa hiyo si kisu peke yake kinachomuumiza. Tena kila kovu linazidisha hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kizazi mimba ijayo, hilo nalo daktari aliniambia wazi.

Mama kaja na chupa ya uji wa pilipili manga na maji ya moto ya kunikanda, nesi akamwambia kwa adabu, "Bi mkubwa, uji mpe, tumbo usimkande, mshono bado mbichi."

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya mzazi wa kitanda cha pili, kapasuliwa ghafla usiku, asubuhi analia ananiuliza mie kafanywa nini. Nkamueleza ninachokijua huku namshika mkono, mpaka natoka hapo hakuna alomfuata.