Kabla ya Kununua Feni ya Paa, Utazame Ukingo Wake

Tone la kwanza lilinidondokea shavuni usiku wa tatu wa mvua mfululizo, tukiwa tumeegesha veni yetu ya kulalia, aina ya Ford Transit, katika milima ya magharibi mwa North Carolina. Nilidhani ni jasho la bati, yaani ule mvuke wa pumzi za watu wawili unaogeuka maji unapokutana na chuma baridi, kwa hiyo nikajifuta uso, nikageukia upande wa pili na kulala. Asubuhi, mume wangu alipobandua ubao mmoja wa dari, tulikuta sufu tuliyoiweka ya kuzuia baridi imelowa kiasi cha kukamulika kama nguo iliyotoka kwenye beseni, na ubao wenyewe umeota duara la rangi ya chai kuizunguka feni. Feni hiyo ilikuwa imekaa juu ya paa kwa wiki tano tu. Niliichagua mimi mwenyewe, tena kwa kujisifu, kwa sababu ilikuwa na rimoti, ilikuwa na kasi kumi, na bei yake ilikuwa chini ya nusu ya bei ya ile ambayo kila mtu aliniambia ninunue.

Ndiyo maana sitaanza na idadi ya kasi wala rangi ya kifuniko. Feni nyingi za paa zinazouzwa hapa Marekani kwa ajili ya magari ya kulalia hutumia umeme wa volti 12, huingia katika tundu la mraba lenye inchi 14 kila upande, yaani takriban sentimita 35.5, na karibu zote zina nguvu ya kutosha kutoa joto na harufu ya kitunguu kinachokaangwa, mradi uache dirisha moja wazi kidogo ili hewa ipate pa kuingilia. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni ukingo: ile fremu bapa inayolala juu ya bati, ambayo ndiyo hupokea skrubu, utepe na gundi. Feni ikiharibika utakosa upepo, lakini ukingo ukiwa mbaya utakosa godoro, dari na hatimaye paa lenyewe, kwa kuwa bati lililotobolewa huanza kushika kutu pale pale lilipokatwa.

Nimekulia Tanga, chini ya paa la mabati, na hata mtoto aliyekuwa akimtazama fundi kazini aliweza kuona kwamba msumari hupigiliwa kwenye mgongo wa bati na kamwe haupigiliwi bondeni, kwa sababu bondeni ndimo maji yanamopita. Paa la Transit, kama lile la veni nyingine za Sprinter na ProMaster, nalo lina matuta na mabonde, japo ya kina kifupi, ambayo hutiwa kiwandani ili bati jembamba lipate ugumu. Ukilaza ukingo bapa juu ya bati la namna hiyo, unagusa migongo peke yake, na kila bonde linageuka kuwa mfereji unaopita chini ya feni yako. Mifereji hiyo huzibwa kwa utepe na gundi, lakini gundi haiwezi kudumu chini ya ukingo unaocheza. Ukingo mwembamba, skrubu zikikazwa, hudidimia penye skrubu na kuinuka katikati, ukawa na mawimbi kama chapati iliyokaa muda mrefu mno kwenye kikaango. Maji husimama katika vile vibonde, mchana plastiki hutanuka kwa jua, usiku hunywea, na gundi huchanika kidogo kidogo. Nilipopanda ngazi kuikagua feni yangu, niliweza kupitisha kadi ya benki chini ya ukingo, kati ya skrubu mbili, bila kutumia nguvu yoyote.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni MaxxFan Deluxe ya MaxxAir, na sioni haya kusema kwamba ninaipendelea. Sifa yake inayotangazwa sana ni kifuniko chenye umbo la kofia, kinachoiwezesha kuzunguka mvua ikiwa inanyesha, na sifa hiyo ni ya kweli na ina uzito wake, maana usiku wa mvua ndio usiku ambao madirisha yamefungwa na hewa ya ndani inakuwa nzito. Inaweza pia kuvuta hewa ndani au kuitoa nje, upendavyo. Lakini mimi baadaye niliinunua kwa sababu ukingo wake ni kipande kinachojitegemea. Unaufunga ukingo kwanza, unauziba kwa utulivu bila kuinamia mashine nzima, unasubiri gundi ikauke, kisha unaidumbukiza feni ndani yake na kuifunga kwa skrubu za pembeni. Siku mota itakapokufa, utafungua skrubu hizo na kuinyanyua feni yote, na ile gundi uliyoipaka kwa jasho haitaguswa. Sijui kwa nini watu husifu rimoti na kuuruka ukweli huu.

Haikosi kasoro. Imeinuka juu ya paa kuliko wenzake, hivyo anayetaka kujaza paa lake paneli za sola apime kivuli chake kabla ya kupanga chochote. Ukingo wake nao ni wa plastiki, na mtu mwenye papara na bisibisi ya umeme ataukunja kama alivyoukunja mwingine wowote; malizia kukaza kwa mkono. Tena sehemu inayofunguka lazima ielekee nyuma ya gari, kwa kuwa mbele kuna upepo wa barabara kuu. Hapa kwetu bei yake huwa kati ya dola 300 na 400, na toleo la rimoti ndilo la ghali zaidi. Chukua lile la kufungua kifuniko kwa mkono: dari ya veni haiko mbali kiasi hicho.

Ya pili ni Fan-Tastic, ambayo siku hizi huuzwa chini ya jina la Dometic. Ni feni ya miaka mingi, ina upepo wa nguvu, na vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi. Matoleo yake ya juu yana kihisi cha mvua kinachofunga kifuniko matone yakianza kuanguka, jambo linalofurahisha ukiwa umeliacha gari na kwenda dukani, lakini linaloudhi saa nane za usiku, kwa sababu kifuniko kikifungwa na hewa nayo imefungwa. Ukingo umeungana na mwili wa feni, hivyo kuibadilisha yote ni kuikata gundi na kuanza upya. Anayezunguka Arizona na Nevada zaidi ya anavyozunguka kwenye misitu ya mvua ataridhika nayo kabisa.

Ndugu walioko Ulaya wasikate bati kwa vipimo vyangu, kwani huko tundu la kawaida ni la sentimita 40 kwa 40. MaxxFan huuzwa huko kwa kipimo hicho, na Fiamma ya Italia ina Turbo-Vent yake.

Zile za chini ya dola 150 zisizo na jina linaloeleweka nimekwisha kuzieleza katika aya ya kwanza.

Katika kuifunga, pesa utakazobakiza zitumie kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni vipande vya kusawazisha vilivyokatwa kufuata mabonde ya paa la gari lako; vinauzwa kwa Transit, Sprinter na ProMaster, na bei yake hunichoma kila nikiikumbuka, kwa sababu ni plastiki tupu, lakini ndivyo vinavyofanya ukingo ulale juu ya kitu badala ya kuning'inia. Cha pili ni fremu ya mbao ndani ya gari, chini ya tundu, ili skrubu zishike mbao na bati libanwe katikati. Kingo za tundu zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, na chenga zote za chuma zifagiliwe kutoka juu ya paa, kwani zikilala na umande zitaacha madoa ya kutu juu ya rangi nzuri. Chini ya ukingo mimi huweka utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata, na juu ya vichwa vya skrubu Dicor, gundi ya kuzibia inayojisawazisha yenyewe. Usitumie silikoni ile yenye harufu ya siki: harufu hiyo ni ya asidi inayotoka inapokauka, nayo hula chuma kilicho wazi, na ukishaipaka, gundi nyingine yoyote itakataa kushika juu yake.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ndani ya boksi la feni yangu mlikuwa na mrija wa silikoni ya siki, zawadi ya muuzaji. Tangazo lake lilikuwa na picha kumi na mbili za feni hiyo, zikiwemo za mwanamke anayeitazama na kutabasamu, na hakuna hata moja iliyoonyesha upande wa chini. Neno "haivuji" lilikuwa limeandikwa mara tatu. Nilipodai fedha zangu nikiambatanisha picha ya sufu iliyolowa, nilijibiwa kwamba feni iliyokwisha kufungwa hairudishwi. Niliuliza ningejuaje kwamba inavuja kabla ya kuifunga. Swali hilo halikujibiwa. Nilitumiwa punguzo la asilimia 10 kwa ajili ya kununua nyingine ya aina ile ile.