Mida Creek msimu huu wa joto: uliza maji kwanza ndo uende

Jamani nimeenda Mida Creek, ule mkono wa bahari wenye mikoko karibu na Watamu, pwani ya Kenya, mara mbili mwezi huu wa Januari na ni kama nimeenda sehemu mbili tofauti kabisa, ndo maana naandika.

Mara ya kwanza nilibook online na watu fulani wa tua (siwataji, wanajijua), wakatutoa Mombasa na vani tukafika saa sita na nusu, jua la utosi, maji yamejaa mpaka yanagusa matawi ya mikoko. Ndege hakuna. Namuuliza dereva mbona hivi, ananiambia "madam enjoy view tu." View gani na mimi bahari naiona kila siku nikienda kazini? Tukapiga selfie mbili tatu tukarudi, na hela ishaenda.

Wiki moja baadaye nikarudi mwenyewe na mtoto wa dadangu. Matatu ya Malindi, tukashuka Mida, kibao kiko barabarani. Tukapewa kijana wa hapohapo atutembeze, akatazama maji akasema "dada mmekuja saa nzuri, maji yalikupwa mchana sasa yanarudi, hao ndege watasukumwa mpaka tulipo." Nikajua huyu anaijua kazi yake.

Basi kuna lile daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, zaidi ya mita 200, linayumba kidogo (kama unaogopa shika kamba usione haya), mwisho wake kuna kibanda cha kukaa kuangalia ndege. Chini kwenye tope, kaa wadogo kibao, dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake analipunga juu chini juu chini, kumbe anaita majike. Mtoto akasema "anti huyu ananiita mimi," tukacheka sana.

Pale kibandani ndo raha yenyewe. Sululu wale wa mdomo uliopinda, vitwitwi wa kila aina wanakimbiakimbia, wengine wametoka mbali huko Urusi wamekimbia baridi. Ila mimi nilimpenda mmoja, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama koleo, chakula chake kaa. Kijana anasema hawa wanazaliana pwani za Uarabuni, upande wa Oman na Ghuba, wanachimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu humo ndani. Tukaona kinda, na si kinda tena maana kimo kimoja na mzazi, anamfuata nyuma kila anakoenda analia apewe, mzazi akamkamata kaa akampiga chini mpaka magando yakatoka ndo akampa. Nikamtazama mtoto wa dadangu, ana miaka 15 na bado nammenyea chungwa, nikanyamaza.

Usiondoke kabla ya magharibi. Msimu huu wa kaskazi kuna ndege wanaitwa keremkerem, wekundu, wanakuja kulala kwenye mikoko, makundi kwa makundi, jua likiwapiga wanang'aa kama makaa.

Ubaya wake: kivuli hamna ukiwa darajani, mbu wa jioni hawana huruma, na mimi nilivaa raba nyeupe, sasa hivi ni za rangi ya tope. Na giza likishaingia matatu za kurudi zinapita zimejaa, tulingoja karibu saa nzima. Kiingilio sikioni kibaya, hasa vile wanasema kinasaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vya karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Nyota nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya mbu. Nendeni kabla ya masika maana ndege wengi Aprili wanaanza kurudi kwao, na mkipiga simu kuulizia msianze na bei, anzeni na maji yanajaa saa ngapi.