Seti ya kupimia maji ya bwawa kutoka Mbuyuni Moshi: upande wa shaba uko vizuri, upande wa pH hausomi chini ya 6

Wadau wa samaki Moshi na Arusha, hii seti nimeichukua duka moja la pembejeo karibu na soko la Mbuyuni, elfu arobaini na tano, ina dawa ya kupimia pH (yaani ukali wa asidi, namba ikishuka asidi imepanda) na dawa ya kupimia shaba, unachota maji unadondoshea matone unatikisa unalinganisha rangi na kadi, basi. Kijana wa dukani alinielekeza vizuri, hakuwa na haraka kabisa.

Nilichofuata mimi ni hiyo shaba. Bwawa langu la sato liko Kibosho chini ya mashamba ya kahawa na kahawa huku inapigwa mrututu na dawa zingine za kopa, yaani shaba hiyohiyo, miaka nenda rudi, mvua ikinyesha vinashuka vyote. Na shaba inaanza kuumiza planktoni mapema, ule ukijani wa maji ambao vifaranga wanategemea, inanata kwenye vimeng'enya vyao vinashindwa kazi, usanisinuru unashuka, na maji yakiwa laini halafu yana asidi ndo balaa zaidi maana shaba nyingi inabaki huru. Ndo maana napenda wameziweka pamoja, ukipima moja bila nyingine umepima nusu.

Sasa kasoro, na kwangu ni kubwa: kadi ya pH kwa chini inaishia 6. Chini ya hapo ni njano ileile, hujui kama ni 5.8 au 4.8 na hapo tofauti ya asidi ni mara kumi! Kule Kanada watafiti walimwaga asidi ya salfuriki makusudi kwenye ziwa la majaribio linaloitwa Ziwa 223 kuanzia 1976, wakashusha pH taratibu kutoka kama 6.8 kwenda 5, vikamba vidogo ambavyo ni chakula cha samaki vikapotea ikiwa bado iko karibu na 6. Halafu ikizidi kushuka ndo alumini ya kwenye udongo inayeyuka, kama ilivyotokea ziwa Plešné kule Czech kwa mvua ya asidi, alumini inakamata fosforasi na pia inavuruga fosfatasi, kimeng'enya ambacho planktoni wanakitumia kujitafutia hiyohiyo fosforasi.

Wenye maji ya magadi upande wa Arusha nao watakwama juu, kadi inafika 7.6 tu.

Dukani dawa ya kupimia pH ya chini hawana, nimeagiza mita ya kidijitali. Ya shaba naendelea nayo, rangi inasomeka vizuri hata jioni.