Nimefanya kazi ya kufukuza ndege bila kuwaua hapa Mombasa mwaka na miezi miwili, hii ndo riviu yangu

Naanza na nyota kabisa ili asiye na muda aende zake. Kama shida yako ni njiwa au shomoro, huduma hii naipa nyota nne. Kama ni kunguru naipa mbili, na hizo mbili ni za huruma. Kama muajiri nawapa mbili na nusu, na ile nusu ni ya supavaiza wetu peke yake, ntaeleza kwa nini.

Jina la kampuni sitaji manake bado kuna hesabu baina yetu. Kazi yao ni kuondoa ndege wasumbufu kwa mahoteli, magodauni, maduka makubwa, bekari, popote penye biashara na mavi ya ndege, na wanachojisifia ni kwamba hawaui. Hakuna sumu, hakuna ulimbo, hakuna bunduki ya upepo. Mie niliingia kupitia rafiki, kibarua cha rangi kilikuwa kishaisha, nikaenda ofisini nikidhani ntaulizwa vyeti, swali lilikuwa moja tu: unaogopa kupanda juu? Nikasema siogopi. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi niko Shimanzi ndani ya godauni la nafaka natazama juu kwenye kenchi, na kenchi zote nyeupe, nikafikiri wamepaka chokaa.

Haikuwa chokaa bana.

Watu wanadhani kazi hii ni kupiga makofi ndege waruke, kumbe siku nne za kwanza hujamgusa ndege hata mmoja, unakwangua mavi. Na si kukwangua hivi hivi, ile kitu ikikauka ikawa unga, vumbi lake lina kuvu inayoingia mapafuni, kwa hivyo kwanza unarowesha kwa maji yenye dawa, unasubiri ilainike, ndo unakwangua ukiwa na barakoa na glavu na miwani. Mfanyakazi mmoja wa lile godauni siku hiyo alitaka kutusaidia, akachukua ufagio akaanza kufagia kavukavu, supavaiza alivyopiga kelele nilidhani mtu ameanguka. Harufu yake inachoma pua kama amonia, na ikikaa kwa mabati miaka inayala, unakwangua unakuta chini bati limeshafanya kutu, unaona mwanga wa nje. Halafu joto. Ikifika saa nne bati la Mombasa halishikiki, na wewe uko chini yake kama mkate kwa tanuri, kwa hivyo tulianza alfajiri na saa tano tushashuka, tunarudi jioni.

Baada ya usafi ndo wavu, na hapa ndo pesa yako inafanya kazi kweli. Unazungusha waya wa chuma kando kando, unaukaza mpaka ukiugusa unalia kama uzi wa gitaa, halafu wavu unabanwa kwenye waya kwa pete ndogo ndogo, pete moja baada ya nyengine, mamia, mpaka vidole vinakufa ganzi. Ukilegeza mahali pamoja tu njiwa atapapata, wallahi atapapata, yule ndege anaonekana mjinga lakini hana kazi nyengine kutwa nzima. Kitu ambacho wateja hawajui ni tundu za wavu. Njiwa ni milimita 50, shomoro ni 19. Kuna bekari moja walitaka kubana pesa wakanunua wenyewe wavu wa 50 ati wavu ni wavu, tukawafungia vile walivyotaka, tumeshuka tu kwa ngazi tunaangalia juu, shomoro anapita kwenye tundu kama mtu anaingia kwake, hata hakupunguza mwendo. Ikabidi watoe wote wanunue upya.

Miiba ile ya chuma unayoiona juu ya mabango nayo ni nzuri kwa njiwa, inawekwa kwa ukingo wa dirisha na juu ya bango, haimchomi, inamnyima tu pa kukaa. Lakini ukiiweka uchafu ukajaa kati yake, njiwa anajengea kiota humohumo, miiba inakuwa nguzo za nyumba. Nshaona kwa macho yangu.

Sasa ile nusu nyota. Tulikuwa na kazi kwa duka moja kubwa upande wa Nyali, nyuma ya bango la juu kulikuwa na njiwa wamejaa. Nimetoa paneli moja nikaingiza kichwa na tochi, nakutana na makinda mawili uso kwa uso. Kama hujawahi kuona kinda la njiwa ni kiumbe kibaya sana cha sura, ngozi ya waridi, manyoya ya njano machache kama nywele za mzee, mdomo mkubwa kuliko kichwa, na yakaanza kulia yakidhani mie ndo mama. Nikamwambia supavaiza. Sheria ya kazi yetu, ile waliyotusomea siku ya kwanza, ni kwamba kiota chenye mayai au makinda hakifungwi, manake mayai ya njiwa yanalaliwa siku kama 18 na kinda linakaa kiotani karibu mwezi mzima ndo liruke, ukifunga tundu umeyazika hai, na mama atakaa nje analia anagonga wavu. Meneja wa duka hakutaka kusikia, kuna wageni wanakuja Ijumaa, anataka kila kitu kimalizike. Akapiga simu ofisini. Ofisi ikampigia supavaiza ikamwambia atoe hivyo vitu amalize kazi.

Yule mzee akasikiliza, akasema "halo, halo, sikuskii, netiwaki," akakata, akaweka simu mfukoni, akatuambia funga kote isipokuwa hapo. Tukafunga kote. Lile tundu moja likabaki wazi, tukarudi baada ya wiki tano makinda yashaenda zao tukaziba. Meneja alinuna lakini wageni walikuja wakaondoka hakuna aliyeangalia nyuma ya bango. Kwa hivyo mkisoma kwenye gari lao limeandikwa wanajali ndege, mjue anayejali ni mzee mmoja wa Likoni mwenye simu mbovu.

Mara nyengine ndani ya godauni tukapata bundi na watoto wake juu kabisa, pembeni. Walinzi wote walitoka nje, mmoja akasema leo harudi zamu mpaka asomewe. Tukamwacha bundi alivyo, anakula panya usiku kucha bila kudai mshahara, mwenye godauni alivyoelezwa hivyo akanyamaza.

Haya, kunguru. Hapa ndo nataka wenye mahoteli wasome vizuri kabla hawajatoa pesa.

Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, asili yao ni India na nchi za jirani yake, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka, wakazaana wakapanda na pwani yote. Wasafishaji waligeuka wenye mji. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, wanakula vifaranga, wanashuka kwa meza ya mgeni wanachukua soseji akiwa ameshika uma. Kulikuwa na hoteli ya ufuoni ilituita kwa sababu wageni walikuwa wanakula kifungua kinywa mkono mmoja juu ya sahani. Tukaenda na kila kitu tulichokuwa nacho.

Bundi wa plastiki: siku ya kwanza kunguru walipiga kelele hoteli nzima ikatoka nje. Siku ya pili walimzunguka. Siku ya tatu asubuhi kuna kunguru amesimama juu ya kichwa cha bundi anakula chapati. Huyo bundi mteja ameuziwa kama kifaa cha kitaalamu. Tiara ya umbo la mwewe: inafanya kazi kidogo upepo ukiwepo, upepo ukilala mwewe anaanguka kwa bwawa la kuogelea. Leza: hii nakubali ina nguvu, lakini alfajiri na magharibi tu, wakati giza giza, unamulika ile miti wanayolala wanahama kundi zima, mchana na jua la hapa haionekani kabisa, ni kama kuwasha mshumaa jangwani. Tulimulika miembe ya ile hoteli jioni tisa mfululizo. Wakahama.

Wakahamia hoteli ya pili yake, mita mia tatu.

Wiki ilofuata hoteli ya pili ikapiga simu ofisini kuulizia huduma, na bosi alifurahi mpaka akatununulia soda. Hapo ndo nilielewa hii biashara. Njiwa ukimfungia tundu umemaliza, ataenda kutafuta kwengine lakini wewe mteja umepona. Kunguru hana tundu, anaishi kwa taka zako na za jirani yako, ukimfukuza bila kuondoa chakula umempeleka matembezi tu na umelipa nauli.

Na wanakukumbuka. Chuo cha Washington kule Marekani walifanya majaribio na barakoa za sura, wakakuta kunguru wa kwao wanamtambua mtu aliyewakamata na wanaendelea kumzomea miaka. Ni aina nyengine na hawa wetu, lakini mie sihitaji utafiti, kuna kunguru wa pale hotelini walikuwa wakinipokea getini. Mpishi anapita, mtunza bustani anapita, kimya. Naingia mie na ngazi, kelele. Nilibadilisha kofia, nikavaa shati la nyumbani, nikaingia na pikipiki ya mtu mwengine, wapi.

Kila mteja wa kunguru alikuwa na swali lilelile, si mtie ile sumu ya serikali? Mwaka 2024 KWS, shirika la serikali la wanyamapori, walitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja, dawa ikaitwa Starlicide, ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege aina nyengine kabisa. Sisi hatukuwa na ruhusa ya kuigusa na kampuni haikuitaka, ingewaharibia jina lao la kutoua. Mie msimamo wangu hauko sawasawa na sioni haya kusema. Mama yangu anafuga kuku Mikindani, kunguru wamemmalizia vifaranga kumi na mmoja msimu mmoja, na jioni nafika nyumbani na fulana ya kampuni yenye picha ya ndege anaruka, ananiangalia ananiambia, mwanangu wewe unalipwa kuwabembeleza walokula kuku zangu. Nikakosa jibu. Mpaka leo sina.

Kilichosaidia kule hotelini mwishoe hakikuwa kwenye mkoba wetu hata. Supavaiza alikaa na mkuu wa jikoni, mapipa yakawekwa vifuniko vizito vinavyofunga kwa ndoana, wahudumu wakaambiwa mgeni akiinuka meza inasafishwa palepale, isingoje, na juu ya sehemu ya kulia tukavuta mshipi, mshipi huu huu wa wavuvi, mistari mistari isiyoonekana vizuri. Kunguru hapendi kushuka mahali anahisi kuna kitu hakioni. Hawakuisha, lakini wageni wakaanza kula kwa mikono miwili. Mshipi ule tulinunua dukani Mji wa Kale na bei yake ukilinganisha na yule bundi wa plastiki ni aibu kuitaja.

Kwa anayetaka kuajiriwa huko: kazi ina raha yake, juu kuna upepo, unaona meli zinaingia Kilindini wakati wenzako wako kwenye foleni ya feri, na kila wiki mahali papya. Lakini hanesi yangu, ile mikanda ya kukushika usianguke, nilipewa wiki ya tatu, wiki mbili za kwanza nimepanda na kamba ya manila kiunoni kama mgema. Barakoa zile nzuri zilikuwa zinakuja mteja mkubwa akiwepo, kwa wateja wadogo tulipewa zile za karatasi. Sindano ya pepopunda nimejilipia mwenyewe baada ya kuchanwa na bati. Mshahara ukifika tarehe tano ni sikukuu, mara nyingi kumi na mbili, kumi na tano, na sababu ni ileile, mteja hajalipa. Uliza haya yote kabla hujapanda ngazi, na ukipangiwa na yule mzee wa Likoni shukuru.

Kwa mwenye biashara: waulize tundu za wavu ni milimita ngapi, waulize nani atakwangua mavi na atayatupa wapi, na watarudi lini kukagua, manake wavu wa pwani unaliwa na chumvi, waya ukiwa wa bei rahisi mwaka haufiki unaona kutu. Wakianza kukuonesha bundi wa plastiki wapikie chai uwaage.

Mie nilitoka Desemba. Hanesi nimerudisha, fulana nimerudisha, funguo za stoo nimerudisha na nikasaini. Siku sita za mwezi ule bado nadai, nikipiga simu naambiwa netiwaki.